Maboksi Matupu ya Bi Siwatu

Nchi yetu haina taka. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanikatiza katikati, akaanza kuniuliza habari za mfereji ulioziba pale sokoni, au ule mlima unaofuka moshi nyuma ya shule. Ule si mlima wa taka. Ule ni mlima. Umo kwenye ramani, una jina, na Mkuu wa Wilaya alishaupanda na bendera.

Mimi ni kinyozi. Jina langu Machano, wateja wananiita Fundi, na sina ugomvi na serikali yoyote, iliyopo wala ijayo. Kibanda changu kinatazamana na duka la Bi Siwatu, mlango kwa mlango, barabara katikati. Haya ninayowaeleza nimeyaona kwa macho yangu, mkasi mkononi, na kama kuna mahali nimekosea, basi wakati huo nilikuwa nazunguka sikio la mteja.

Bi Siwatu alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, mashemeji walikuja wakachukua nyumba, kitanda, baiskeli na redio. Duka walilichungulia, wakaona halina cha maana, wakamwachia. Akalishika kwa mikono miwili. Akawa analala humo humo, nyuma ya pazia. Duka lile ndilo lilikuwa nyumba yake, ndilo mume, ndilo shamba. "Fundi," alikuwa akiniambia, "siku nikinyang'anywa hili duka, mimi nihesabu nimekwenda." Na hakuwa anatania.

Sasa niwaambie siri ya duka lile, ambayo kwa kweli si siri, maana kila mwenye duka kwetu anaifanya. Bidhaa za Bi Siwatu zilikuwa chache: sukari, chumvi, sabuni, majani ya chai, viberiti na biskuti. Zilijaza rafu za chini tu. Kutoka hapo mpaka darini alikuwa amepanga maboksi matupu. Maboksi ya biskuti, ya sabuni, ya dawa ya meno, yote yameelekezwa uso mbele. Mteja wa kwetu akiona rafu tupu haingii. Atasema huyu mama anafilisika, sukari yake imelala, na pengine amerogwa. Lakini akiona ukuta umejaa rangi, ataingia hata kama shida yake ni njiti moja ya kiberiti. Kila Ijumaa Bi Siwatu alipanda juu ya kiti na kitambaa, akayafuta vumbi yale matupu moja moja, kwa adabu kuliko alivyoyafuta yaliyojaa.

"Haya ndiyo yanayoita watu," alikuwa akisema. "Yale mengine yanauzwa tu."

*

Balaa lilianzia ng'ambo. Rais wetu, ambaye kwa mapenzi tunamwita Mwenyewe, alialikwa kwenye mkutano wa mataifa kuhusu usafi wa dunia. Kila mkubwa akasimama kutaja taka za nchi yake. Huyu plastiki, yule karatasi, mwingine vioo, tani kwa tani, na kila mmoja akipigiwa makofi. Ikafika zamu yetu. Mwenyewe akamgeukia msaidizi wake, msaidizi akatazama dari. Nchi nzima hatukuwa na takwimu hata ya ganda la ndizi. Mwenyewe akakohoa, akasema, "Nchi yangu haitangazi mambo yake ya ndani." Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na inasemekana kwenye ndege hakugusa chakula.

Aliporudi tu, ikaundwa Wizara ya Taka na Takwimu. Waziri akawa Mheshimiwa Dokta Sikujua Lwambano, yule aliyekuwa Waziri wa Uvuvi mpaka samaki walipokwisha. Ni mtu mwenye sauti tamu sana, ukimsikiliza unaweza kusahau njaa, na ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya hata kule kwenye samaki. Akaja redioni.

"Ndugu wananchi! Zamani maadui zetu walikuwa ujinga, umaskini na maradhi. Hao tumeshawazoea. Adui wa sasa ni kitu ambacho hakijulikani kiko kundi gani! Kuanzia leo, kila kinachoizunguka bidhaa kitakuwa na kundi. Kinachoifunika bidhaa ni kifungashio. Kinachoionyesha bidhaa ni kionyesho. Kisichofunika wala kuonyesha ni taka. Mwenye taka aripoti taka yake. Mwenye kifungashio asubiri kiwe taka, kisha aripoti. Mwenye kionyesho asiripoti kitu, ila awe tayari!"

Tayari kwa lipi hakusema. Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, ukapigwa wimbo wa taifa, na mteja wangu akasimama kwa heshima nikamkata kidogo shingoni.

*

Kata yetu ikaletewa Afisa Uainishaji, kijana anaitwa Erasto. Mtoto wa watu, amelelewa, kasoma. Suti yake ilikuwa imenyooshwa vizuri, na begani ametundika mizani ndogo ya kupimia taka. Akavuka barabara moja kwa moja mpaka kwenye kaunta ya Bi Siwatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Karibu. Nikupe nini?"

"Mimi sinunui, bibi. Mimi naainisha."

"Haya, ainisha, ila sogea uvulini, jua kali."

Juu ya kaunta kulikuwa na boksi la biskuti. Mnayajua yale maboksi, yenye mstari wa vitobo vitobo huko juu. Unachana kwenye vitobo, unakunja mfuniko kwa nyuma, boksi linageuka kibao cha kujinadi, na pale nyuma panachomoza picha ya mtoto mnene anacheka. Erasto akalinyooshea kalamu.

"Hii nini?"

"Biskuti."

"Biskuti nimeziona, bibi. Nauliza kilichozibeba."

"Si boksi lake?"

"Linafunika, au linaonyesha?"

Bi Siwatu akaliangalia boksi lake kwa mara ya kwanza kama mtu aliyeulizwa mwanawe ni wa nani. "Lilipokuja lilikuwa linafunika," akasema. "Nikalichana hapa, nikakunja, sasa linaonyesha. Biskuti zikiisha nalipandisha juu na wenzake."

Erasto akashtuka. "Bibi! Unaniambia kitu hiki kimehama kundi mikononi mwako, bila kibali?"

"Lakini vitobo vimetobolewa kiwandani, baba."

"Kiwanda kimetoboa. Aliyechana nani?"

Erasto akaeleza kwamba sheria inamtaka ashuhudie mwenyewe ni wakati gani hasa boksi linaacha kuonyesha na kuwa taka. Kwa hiyo akavuta kiti, akaanza kuzila zile biskuti. Alikuwa anakula moja, anarudi nyuma, analitazama boksi, anatikisa kichwa, anakula nyingine. Bi Siwatu akamletea maji, maana ndivyo alivyolelewa na yeye. Mimi nilikuwa na mteja nimemnyoa upande mmoja, nikamwomba avumilie, tukahamia mlangoni wote wawili kuangalia serikali ikifanya kazi.

Biskuti zikaisha. Erasto akajipangusa midomo, akainama kulichunguza boksi. Mle ndani tupu, lakini yule mtoto mnene bado anacheka.

"Bado linaonyesha," akasema kwa huzuni. "Linaonyesha biskuti ambazo hazipo."

"Zipo tumboni mwako, mwanangu."

"Tumbo langu halimo kwenye sheria." Halafu akainua macho, akaufuata ule ukuta wa maboksi taratibu kutoka chini mpaka darini. "Na yale kule juu, bibi? Yana nini ndani?"

Sema yamejaa, mama! Sema yamejaa! Nilitaka kupiga kelele, lakini mimi ni kinyozi, na kelele za kinyozi husikika mpaka kituoni. Bi Siwatu hajui kusema uongo mchana. Akamwambia ukweli, kwamba hayana kitu, ni ya kupendezesha duka tu.

Erasto akakaa chini tena. Nadhani alikuwa anamhurumia, maana aliongea kwa upole kweli kweli. Kama maboksi yale ni vionyesho, akasema, basi yanaonyesha bidhaa ambazo hazipo, na huko ni kuuhadaa umma, duka linafungwa. Kama ni taka, basi bibi anahifadhi taka pamoja na chakula cha watu, na duka linafungwa vile vile.

"Chagua mwenyewe, bibi. Serikali yetu haimlazimishi mtu."

"Na nisipochagua?"

"Tutalifunga wakati unafikiria."

Bi Siwatu akashika kaunta. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi nalala humu."

Basi Erasto, kwa huruma yake, akampa nafuu. Hatalifunga, atalisimamisha. Mpaka wizara itoe uamuzi, duka libaki wazi, ila ni marufuku kuuza kitu chochote ambacho kuuzwa kwake kutasababisha kifungashio kihame kundi. Akazungusha utepe mwekundu kwenye rafu, akaaga vizuri, akaenda kuainisha bucha.

Siku zilizofuata Bi Siwatu alihangaika kutafuta kitu kisichofungwa na chochote. Akaleta mayai. Nikampongeza, nikamwambia hapo umewaweza, mama! Erasto akayatazama mayai yale, akakuna kichwa, akaiandikia kata swali, kata ikalipeleka wilayani. Jibu likaja na muhuri. Yai ni bidhaa iliyofungashwa na kuku, na kuku huyo hajasajiliwa kama mzalishaji wa vifungashio. Mtaani kwetu kuna watu walikwenda kusajili kuku wao, wakaambiwa waje nao, kuku wenyewe watie saini.

*

Tukaenda wizarani. Nilifunga kibanda, nikamsindikiza, maana mwanamke mtu mzima hawezi kupambana na lifti peke yake. Alibeba lile boksi la biskuti ndani ya khanga. Mlangoni tulikalishwa sana, kwa sababu khanga ilikuwa inafunika boksi na mlinzi hakuwa na uhakika kama khanga haijageuka kifungashio. Mwishowe alituruhusu kwa sharti kwamba Bi Siwatu aivae.

Bahati, au sijui niiteje, Mheshimiwa Dokta Sikujua alikuwa ofisini na hana la kufanya. Mkutano wa mataifa ulikuwa unakaribia tena, na Mwenyewe alikuwa ameagiza takwimu. Wataalamu walikuwa wamezunguka nchi nzima na mizani zao, wakarudi na jumla kubwa kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuisoma kwa sauti. Waziri alikuwa amejishika kichwa.

Bi Siwatu hakujua itifaki. Akaliweka boksi mezani kwa waziri, akapiga goti.

"Mheshimiwa, mimi sina mume, sina mtoto, sina shamba. Nina duka. Hayo maboksi yaite utakavyo. Yaite vionyesho, yaite taka, yaite kuku. Mimi sitabisha. Ninachoomba niachwe niuze chumvi, watu waje, tuongee, jioni nipike uji wangu nilale. Basi. Sina lingine ninalolitaka duniani."

Hata mlinzi aliyetupeleka mle aligeukia ukutani. Waziri akalichukua boksi, akaligeuza geuza.

"Mama, unayo mengi matupu kama haya?"

"Ukuta mzima, mheshimiwa."

"Na watu wakiuona huo ukuta, wanasemaje?"

"Wanasema duka limejaa."

"Wanasema duka limejaa," akarudia waziri. Akainuka. Akaenda dirishani, akalitazama jiji, na ule moshi wa mlima wetu kwa mbali. "Wanasema duka limejaa! Mama, inuka! Inuka, mama wa taifa! Makatibu wako wapi? Andikeni! Kitu kilichopangwa kikatazamwa si taka! Tumekuwa tukizipima taka, wapumbavu sisi, badala ya kuzipanga!"

Hapo hapo likatoka tamko. Kitu chochote kitupu, kilichochanika au kilichooza, madhali kimepangwa mahali kikaelekezwa uso mbele, ni kionyesho, na kionyesho hakiripotiwi. Taka za nchi zikawa sifuri kabla ya chakula cha mchana. Na duka la Bi Siwatu, akasema waziri akiwa amemshika mkono mbele ya wapiga picha, halitafungwa leo, kesho, wala milele. Hiyo ni amri.

Bi Siwatu alilia kwa furaha mpaka akakalishwa. Mimi pia nililia, ingawa kwa upande wangu nadhani ilichangiwa na njaa. Tuliporudi mtaani akina mama walipiga vigelegele, mtu akachinja kuku ambaye hajasajiliwa, tukala.

*

Malori yakaja. Yalisimama mbele ya duka, wakashuka vijana wa wizara wamevaa fulana zimeandikwa Duka la Mfano la Taifa. Kwanza walitoa bidhaa. Sukari, chumvi, sabuni, vyote nje. Bi Siwatu akawauliza mbona, si limeruhusiwa? Erasto akamweleza, baada ya shikamoo, kwamba bidhaa zinachukua nafasi ya vionyesho. Na tena, bibi, tukisema ukweli, bidhaa ndizo zinazoleta taka.

Halafu wakaanza kushusha maboksi matupu ya wilaya nzima. Wakajaza rafu, wakajaza sakafu, wakajaza kule nyuma ya pazia. Kitanda alichojinunulia baadaye kilitolewa kwa sababu hakikuonyesha chochote. Wakamwachia kiti kimoja nyuma ya kaunta, wakamvisha khanga yenye uso wa Mwenyewe, wakamsomea masharti ya cheo chake kipya cha Muuzaji wa Maonyesho. Haruhusiwi kufunga, maana duka halitafungwa milele. Haruhusiwi kuondoka, maana wageni wanaweza kutokea wakati wowote. Na neno "hakuna" haruhusiwi kulitamka. Mtu akija, atajibiwa, "Karibu, tumejaa."

Nchi nzima ikafuata. Watu wakapanga makopo kwenye madirisha, wakatundika mifuko kwenye nyua, wakaelekeza kila kitu uso mbele. Mimi nywele za wateja zilinitoa jasho, mpaka Erasto aliponiagiza nizitie kwenye chupa za kioo, moja kwa kila mteja, nizipange kibandani. Nikazipanga. Sasa mteja akiingia anatazama nywele zake za mwezi uliopita, anasema enzi zile zilikuwa nyeusi.

Mwenyewe akaenda kwenye mkutano. Ilipofika zamu yake alisimama, akatamka neno moja tu, "Sifuri." Ukumbi wote ukainuka, makofi hayakwisha. Akapewa kikombe cha dhahabu. Kikombe kilikuja ndani ya boksi, boksi likaletwa kwa maandamano mpaka dukani kwa Bi Siwatu, likawekwa katikati. Kikombe chenyewe sijui kiko wapi.

Wageni wakamiminika. Walikuwa wanashuka kwenye magari, wanashangaa, wanaandika. Wakiondoka, mtaa wetu ulibaki na njaa yake. Maduka mengine yote yalikuwa yameiga, sasa mji mzima umejaa na hakuna anayeuza. Mara kwa mara namsikia jirani kaingia pale.

"Bi Siwatu, chumvi je?"

"Karibu, tumejaa."

"Najua mmejaa, mama. Nauliza chumvi."

"Tumejaa, mwanangu," anajibu, na machozi yanamlenga.

Siku moja nilivuka kwenda kumliwaza. Nikamwambia, angalau mama, halikufungwa. Akaniangalia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Lingefungwa ningelilia, Fundi, watu wangekuja kunipa pole, yangekwisha. Sasa nani ananipa pole? Nimejaa!" Akafyonza. "Nenda zako bwana, usije ukaniharibia maonyesho."

*

Sijui chumvi ile aliipata wapi. Nasikia kuna dereva wa lori la wizara alimwonea imani, akamletea kifuko. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja alipita Mama Chausiku, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye kwake walishazoea kula mboga ya majani isiyo na ladha. Akauliza tu kwa mazoea. Bi Siwatu akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama chini ya kaunta. Akachana kipande cha gazeti, akakisokota kikawa kama koni, akamimina chumvi, akaikunja koni ile kwa juu kwa kidole gumba, vile wauza duka wanavyokunja. Akapokea sarafu. Akaitazama sarafu ile, akaitupia ndani ya kopo, ikalia. Jamani, uso wake! Nilikuwa sijauona uso ule tangu siku ya Erasto na biskuti. Alinyoosha mgongo. Akamwambia Mama Chausiku, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karibu tena, usinisahau."

Mama Chausiku hakuweza kusubiri. Alipiga hatua chache, akaifungua, akaitia chumvi yote mdomoni pale pale barabarani, amefumba macho. Karatasi ikadondoka.

Ilikaa pale chini mpaka mchana. Mimi niliiona, na ningeweza kuiokota, lakini nilikuwa na mteja, na kusema kweli niliogopa. Erasto alipotokea alisimama ghafla. Akaizunguka. Akachutama. Haikuwa imefunika kitu, wala haikuwa inaonyesha kitu, na haikuwa imepangwa. Akaiokota kwa vidole viwili akaiweka kwenye mizani yake, na ile sindano ya mizani, ambayo ilikuwa imelala tangu sifuri itangazwe, ikasogea.

Jioni waziri alikuwa redioni. Hujuma, alisema. Nchi nzima imejitoa mhanga kufikia sifuri, na mtu mmoja, mama tuliyempa kila kitu, anaivunja kwa tamaa ya kuuza! Kesho yake wakaja kumchukua. Erasto alimwamkia kwanza, kisha akamfunga pingu, na alipomsaidia kupanda kwenye gari alimshika mkono ili asijikwae. Bi Siwatu hakulia. Alikuwa anaulizia tu nani ataliangalia duka.

*

Hilo lilipatiwa ufumbuzi mara moja. Wakaleta Bi Siwatu mwingine. Huyu amekatwa kwenye boksi gumu, kimo chake kamili, nyuma ana mguu wa kukunjua unaomsimamisha. Picha ni ile aliyopigwa wizarani alipokuwa anafurahi, machozi wameyafuta kwa kompyuta. Amependeza. Hachoki, halali, hasemi "hakuna", na wageni wanapiga naye picha wamemkumbatia bega. Mwanzoni watu wa mtaa walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara. Halafu wakaanza kumpungia. Halafu, mazoea tu, wakaanza kumwamkia.

Yule wa kweli alirudi wakati wa mvua. Amekonda, khanga imempwaya. Akaenda moja kwa moja kwenye kaunta yake, akasimama mbele, sehemu ya wateja, akamtazama mwenzake kwa muda mrefu. Erasto akamfuata, akamwambia kwa upole kwamba nafasi imejazwa, na kwamba kisheria anaombwa asisimame pale, anawachanganya wageni. Bi Siwatu akauliza kama anaweza kuingia kuchukua kitambaa chake cha vumbi. Erasto akasema kitambaa kimepangwa.

Akavuka barabara akaja kwangu. Nikampa stuli. Nikamuuliza walikuwa wanakuhoji nini huko, mama? Akasema walikuwa wanamuuliza kila siku karatasi ile ilikuwa yake au ya chumvi. Nikamtilia chai bila sukari, akashukuru. Nikachukua mkasi wangu nikaanza kuufuta, ingawa ulikuwa safi.

Mara akapita mwanamke mmoja na ndoo ya maji kichwani, mgeni mgeni hivi, pengine kaolewa mtaa wa nyuma. Alipofika mbele ya duka akapunguza mwendo, akashika ndoo kwa mkono mmoja, akapiga goti kidogo kuielekea kaunta, kwa heshima zote.

"Shikamoo, Bi Siwatu."

Na pale kwenye stuli yangu, kikombe mkononi, nikamsikia Bi Siwatu akijibu taratibu, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mwanamke hakugeuka. Alikuwa anaitabasamia kaunta, na baada ya kidogo akaendelea na safari yake, ameridhika kabisa.